Je, ingewezekana kusiwe na kitu chochote kabisa?

Swali
Ndugu zangu, kila ninapojaribu kuwazia hali isiyo na chochote, yaani bila nyota, bila mwanga, bila hata mahali wala wakati, hubaki nikitazama giza pana, na giza hilo tayari ni kitu. Je, huu ni uthibitisho kwamba hali hiyo haiwezekani, au ni udhaifu wa fikra zangu tu?

Jibu la kwanza
Hauko peke yako. Parmenides, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika karne ya 5 KK, alishikilia kwamba kisichokuwepo hakifikiriki wala hakisemeki. Naye mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, mwaka 1907, alieleza kuwa tunapokifuta kitu akilini huweka kingine mahali pake.

Jibu la pili
Maumbile nayo yanaelekea huko huko. Mwaka 1643, katika jaribio la mwanasayansi Mwitaliano Torricelli, bomba la kioo lililojaa zebaki lilipinduliwa ndani ya chombo cha zebaki. Zebaki ikashuka, ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake ikabaki nafasi isiyo na hewa. Hata hivyo, nafasi ile ina mvuke kidogo wa zebaki, mwanga hupenya ndani yake, na ina urefu unaopimika. Ombwe, yaani nafasi kama hiyo isiyo na hewa, si kutokuwepo kwa kila kitu.

Jibu la tatu
Hayo ni kweli, lakini hayajibu swali. Kwamba hatujapapata pahali pasipo na chochote hakuonyeshi kuwa ilikuwa lazima kitu kiwepo. Mwanafalsafa Thomas Baldwin, mwaka 1996, alitoa hoja ninayoiona nzito: tuchukulie kwamba vitu vingeweza kuwa na idadi yenye kikomo, kwamba kila kimoja kingeweza kukosekana, na kwamba kukosekana kwake hakulazimishi kingine kiwepo. Tukiviondoa kimoja kimoja, kwa nini cha mwisho kigome? Tukifika hapo hatujapata kitu kipya kiitwacho utupu. Tumesema tu kwamba hakuna kilichopo, na giza unaloliona ni la mtazamaji uliyemsahau kumwondoa.

Muuliza swali
Nashukuru sana, ndugu. Hilo la mtazamaji limenigusa. Ninachokishuku sasa ni mahali penyewe: je, napo pamo katika hesabu ya vitu vinavyoondoleka? Kama hapamo, hoja hiyo inatuachia chumba kitupu, na chumba kitupu bado kipo.