Binti ana miaka 14, kocha anasema chuo kinamtaka. Tutoe neno?

Mama Neema, Columbus
Habarini ndugu. Binti yangu yuko darasa la tisa hapa Ohio, anacheza soka, winga ya kushoto. Jumamosi baada ya mechi kocha wa klabu yake alinivuta kando, akasema kuna chuo cha Divisheni ya Kwanza, ile ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, kinamtaka, tuwahi kutoa neno, yaani kuahidi kwamba atajiunga nacho, kabla nafasi haijachukuliwa, na kiangazi tumlipie kambi ya mazoezi ya chuo hicho. Barua ya mwaliko imeshafika, imeandikwa jina lake. Mtoto halali kwa furaha. Baba yake yuko Moshi, kwenye simu ananiambia nisichezee bahati. Jamani, ana miaka 14! Wenye uzoefu nisaidieni.

Baba Imani, Dallas
Hongera Mama Neema. Ila usitoe neno lolote. Tangu 2019 kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani, zinamkataza kocha wa chuo cha divisheni hiyo kuzungumza na mchezaji wa soka habari za kumsajili hadi Juni 15 baada ya darasa la kumi. Si kwa simu, si kwa meseji, si hata kambini. Zamani watoto wa darasa la nane walikuwa wakiahidiana na vyuo, ndiyo maana ikawekwa. Barua ya kambi inaruhusiwa, na hutumwa kwa watoto wengi. Kama hela ipo na anataka kujifunza, aende, lakini hiyo si ofa.

Hata wakati ukifika, ahadi ya mdomo haikifungi chuo wala mtoto. Imani aliahidiwa na kocha mmoja, tukapika pilau, tukaita watu wa kanisani. Kiangazi kilekile kocha akahamia kwingine. Aliyempokea akaja na wachezaji wake, simu zetu hazikupokelewa. Mtoto alikuwa akipita sebuleni bila kuutazama mpira. Inaniuma hadi leo. Kilichomwokoa ni alama: chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo kabisa, kilimpa msaada kwa ajili ya masomo yake, na anacheza.

Kwa hiyo msimamie kwenye masomo. Kwa Divisheni ya Kwanza NCAA inadai masomo ya msingi 16 (Kiingereza miaka minne, hesabu miaka mitatu kuanzia Algebra I) na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0. Yanahesabiwa kuanzia darasa la tisa, yaani sasa.

Shangazi Tatu, Minneapolis
Na magoti, mama. Nafanya kazi ya fiziotherapia. Wasichana wa soka hukatika ligamenti ya goti zaidi kuliko wavulana, nawapokea wakiwa na magongo. Klabu, shule, halafu kambi, atapumzika lini?

Mama Neema, Columbus
Asanteni sana. Kesho namwona mshauri wa shule tupitie masomo yake moja moja. Na kocha nitamuuliza ni nani hasa aliyesema wanamtaka. Baba Neema nimemtumia maneno yenu.