Hivi nyie mnaokimbilia ufukweni kurekodi tsunami mna akili timamu kweli?

Wakuu poleni na majukumu. Leo sina salamu ndefu, nimekuja kulalamika na kama itamgusa mtu basi imguse, maana wengine mlikuwepo pale na mnajijua.

Tahadhari ya tsunami ilitoka. Sio tetesi ya grupu la WhatsApp, sio mtu kaota. Simu zote zimelia kwa mpigo ule mlio wa kukera, king'ora cha bandarini nacho kikaanza, meseji inasema tetemeko kubwa limepiga chini ya bahari mbali huko, wimbi la kwanza linatarajiwa kufika saa 10:40 jioni, ondokeni ufukweni nendeni sehemu za juu. Saa hiyo ilikuwa saa 8 na robo mchana. Piga hesabu mwenyewe, saa mbili na dakika ishirini na tano mmepewa bure, wakati kuna watu duniani wamekufa kwa kukosa hata dakika tano.

Unajua watu walifanyia nini huo muda? Walivuta viti.

Nasema kweli tupu, walivuta viti. Ile saa 10:40 waliisoma kama muda wa mechi kuanza, kuna waliokuwa hawana hata habari ya kuja bichi siku hiyo wakaja makusudi baada ya king'ora, wengine na fimbo zao za selfi, wengine wanaenda laivu kabisa "haya wapendwa tupo hapa tunaisubiria tsunami, shea laivu iwafikie wengine". Mtu na akili zake.

Kuna jamaa mmoja simsahau, kavaa bukta ya bluu, kambeba mtoto wa miaka minne hivi mabegani, kasimama juu ya ule ukuta wa kuzuia maji, mkono mmoja simu mkono mwingine kashika kamguu ka mtoto. Ilikuwa saa 10 na dakika kumi. Nikamwambia kaka shuka hapo mpeleke mtoto juu, akanijibu bila hata kunigeukia "si wamesema bado nusu saa". Mtoto mwenyewe huko juu anauliza tu baba linakuja lini, baba linakuja lini. Hiyo nusu saa ni makadirio jamani! Linaweza kuwahi, linaweza kuchelewa, hakuna aliyeweka miadi na bahari.

Tuje kwenye hoteli, sitaitaja maana sitaki kesi. Nilikuwa mgeni pale mimi na ndugu zangu. Naenda mapokezi namuuliza dada wa watu tunaenda wapi, anatabasamu ananiambia "bosi kasema tusiwape wageni taharuki, bwawa liko wazi kama kawaida". BWAWA. Bwawa lenyewe hatua thelathini toka baharini. Kwenye mlango wa kila chumba kuna karatasi ya kukuonyesha pa kutokea moto ukiwaka, ya maji hamna. Ramani ya njia ya kukimbilia ipo, nilikuja kuiona baadaye, imefichwa nyuma ya ua kubwa la plastiki pale kwenye ngazi. Mgeni hajui kilima kiko upande gani, hajui kile king'ora kinamaanisha nini, wengine hata lugha ya meseji hawaisomi, tegemeo lake ni wewe uliyemchukulia hela yake, alafu unamtabasamia. Na jengo lina ghorofa sita za zege! Ungewapandisha tu wale wazee wasioweza kutembea mpaka ghorofa ya nne ya tano wakakaa huko, ungepungukiwa nini?

Wenyeji nao msijifanye hamumo. Kuna mzee kakaa kwenye mtumbwi wake anatucheka tunaokimbia, "mie nimezaliwa hapa, bamvua zote nimeziona, bahari hii naijua". Shikamoo yako nakupa mzee wangu lakini tsunami sio bamvua. Bamvua inajaa taratibu unaiona, inapwa unaiona, na kesho yake unajua itafika wapi. Hii ni bahari nzima imesukumwa kuanzia chini sakafuni, kwenye kina kirefu inakwenda kilomita zaidi ya 700 kwa saa, mwendo wa ndege, na wala mwenye meli haisikii, ikifika pwani kwenye kina kifupi ndo inapunguza mwendo na kujikusanya kwenda juu. Alafu haipigi ikarudi kama wimbi la upepo, inaingia na kuendelea kuingia kwa dakika kadhaa kama mto uliofurika, imebeba mbao, mabati, magari, kila ilichokikuta. Maji yanayokwenda kasi hata hayajafika gotini yanamwangusha mtu mzima. Na wale mnaosema "tutaona bahari ikikupwa ndo tukimbie", wakati mwingine haikupwi kwanza, inaanza kwa kujaa. Utasubiri dalili gani tena?

Wavuvi wenye akili zao nawapa heshima, walikuwa wameshatoa vyombo mapema wakaenda zao kina kirefu, huko hutikisiki.

Barabarani sasa. Mwinuko uko kama dakika ishirini kwa mguu, ishirini tu, na watu wazima na afya zao wote wamepanda magari, mmoja mmoja kila gari, foleni imekaza haiendi mbele wala nyuma. Mbele yangu kuna pikapu imebeba friji na sofa. Friji! Bibi mmoja na mkongojo wake katupita wote akiwa na mjukuu, hakuangalia hata pembeni. Julai 30 mwaka 2025 lile tetemeko la Kamchatka kule Urusi, la ukubwa wa 8.8, si mliona Hawaii foleni zilivyokuwa? Gari mwachie mgonjwa, mwachie mwenye watoto wachanga, wewe mwenye miguu tembea.

Haya, wimbi la kwanza likaja saa 10:47. Dogo. Maji yalirudi nyuma kidogo, mawe yakaonekana, alafu yakapanda mpaka kwenye zile ngazi za bichi, magotini hivi, yakashuka. Watu wakapiga makofi na miluzi, wakaanza kusema "ndo hii tu?" Na hapo ndo nilipotamani kulia, maana waliokuwa wameshapanda mlimani nao wakaanza KUSHUKA.

Nani aliwaambia tsunami ni wimbi moja? Linakuja kundi, na kati ya moja na jingine inaweza kupita dakika kumi mpaka saa nzima, na la kwanza mara nyingi sio kubwa kuliko yote. Mwaka 1960 Chile ilipigwa na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, mji wa Hilo kule Hawaii wakapigiwa ving'ora saa 2:30 usiku. Wimbi la kwanza lilifika baada ya saa sita usiku na lilikuwa dogo. Saa saba na dakika chache likaja lenyewe. Watu 61 wakafa, kwenye mji uliopewa saa kadhaa za kuondoka. Na mji huo huo mwaka 1946 ulishapigwa tena vibaya sana! Crescent City, California, mwaka 1964 ikawa hivyo hivyo, mawimbi ya mwanzo yakapita, watu wakarudi kusafisha maduka yao, la nne ndo likawachukua.

Kwetu la pili lilikuja baada ya dakika kama ishirini na tano. Nililiona kutoka mlimani. Halikuwa la kutisha kwa kulitazama, halina povu wala kishindo, maji yamepanda tu yakawa hayasimami. Vile viti walivyovuta vyote vikaondoka vimejipanga kama vinaswagwa, boti moja ikakata kamba ikaenda kugonga gati, ukuta aliokuwa amesimama yule wa bukta ya bluu ukafunikwa wote. Watu wanakimbia, viatu mkononi, mmoja bado anarekodi huku anakimbia. Hakufa mtu. Na hapo ndo shida yangu kubwa ilipo, kwa sababu jioni ile ile komenti zikaanza: "walitutisha bure", "wanatafuta bajeti hao", "mara ya pili siendi popote".

Walikutisha bure? Ulitaka wakuletee maiti kwanza ndo uamini? Hao watu wa vituo vya tahadhari dakika za kwanza kabisa wana kitu kimoja tu, tetemeko limepiga wapi na lina ukubwa gani. Wimbi lenyewe hawajaliona bado, wanasubiri lipite kwenye vipimo vya baharini na bandarini ndo wajue. Wakisubiri wawe na uhakika wewe wa karibu umeshaondoka na maji. Na wanakosea pande zote mbili, nyie mnakumbuka upande mmoja tu. Japani Machi 11 mwaka 2011 makadirio ya kwanza yalisema wimbi la mita 3 kwa mkoa wa Iwate na 6 kwa mkoa wa Miyagi, walipokuja kupandisha kuwa zaidi ya mita 10 umeme ulishakatika sehemu nyingi na wengi hawakupata hiyo taarifa mpya. Mbona hapo hamsemi walitutisha?

Desemba 26 mwaka 2004 wimbi lilitoka Sumatra kule Indonesia likavuka Bahari ya Hindi nzima, likachukua kama saa saba kufika Somalia. Saa saba! Karibu watu 300 wakafa kule kwa sababu hapakuwa na mfumo wa kuwapigia hata filimbi. Siku hiyo hiyo kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na lilipoanzia, chenye watu makumi elfu waliopata dakika chache tu, wakafa saba. Hawakuwa na simu ya kuwalilia, walikuwa na neno moja la mababu, smong, lililobaki tangu bahari ilipowaua mwaka 1907. Ardhi ikitikisika sana, mtu akapiga kelele smong, wote mlimani, hakuna cha kuvuta kiti.

Narudia kwa wale wagumu: mkisikia tetemeko lenyewe kwa nguvu mkiwa pwani msisubiri hata meseji. Na mkishapanda mkae huko mpaka mamlaka itangaze imeisha. Nimemaliza, mnaotaka kutukana tukaneni.

NYONGEZA: Naona mdau mmoja hapo chini ananiuliza "na wewe saa 10 na dakika kumi ulikuwa unafanya nini pale ukutani mpaka ukamuona huyo wa bukta?" Swali zuri, na nilijua tu litakuja. Nilikuwa nimeshafika mlimani tangu saa 9. Nikahesabu watu wangu nikakuta shemeji hayupo, nikashuka mbio kumtafuta. Nimemkuta chumbani, kapiga magoti chini ya kitanda na tochi ya simu, anatafuta chaja.

Tuliipata. Hatujaongea mpaka leo.