Programu ikiganda katikati ya kazi: tupeane uzoefu

Bint Makadara
Stima imeyumba mara mbili leo, mashine ikawaka, na Word ikaganda palepale kwenye kufunguka. Dirisha jeupe, duara lazunguka tu. Zenu zikiganda hivi mwaanza na nini? Msiniambie "zima uwashe", hiyo naijua.

Fundi Waya
Kwanza usibonyezebonyeze, dada. Windows huandika kwamba programu haijibu baada ya sekunde 5 tu za ukimya. Si kwamba imekufa, na kila unapobofya waiongezea foleni. Gusa Caps Lock. Taa ikibadilika, mashine i hai, ni programu iliyokwama. Kisha Ctrl+Shift+Esc, ifunguke Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea, utazame safu ya diski. Ikiwa asilimia 100, ngoja hata dakika 5. Ikiwa diski na prosesa zote zimelala, basi Word yangoja kitu kisichokuja.

Kibarua wa Likoni
Zile sekunde 5 ndizo huua kazi za watu.

Abu Spana
Mwangoja nini? Humo kwenye Task Manager bonyeza End task, yaishe. Word hujiwekea nakala kila dakika 10, ukifungua tena utaikuta upande wa kushoto.

Mama Kisauni
Dakika 10 ndivyo inavyokuja, mwanangu. Anayeandika mbio, dakika 9 ni ukurasa mzima umekwenda. Ingia File, Options, Save, ishushe iwe 2.

Nahodha wa Tudor
Hiyo ya diski 100 msiipite mbio. Kuna kompyuta ya nyumba moja hapa Tudor, mtumba kutoka Uingereza, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Ndani mna daftari la chama la miaka mitatu, faili moja la Excel, nakala hakuna. Kila likifunguliwa, Excel yaganda. Vijana wakapiga End task mara nne, ya tano wakachomoa waya ukutani. Halafu mjuzi mmoja akawaambia wapige chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, wakaiacha usiku kucha. Alfajiri diski yagonga: tak, tak, kimya, tak.
Excel haikuwa na kosa. Faili lilikuwa limelala juu ya sehemu mbovu ya diski. Kichwa cha diski kikifika hapo chasoma, charudia, charudia tena, na Excel imekaa yasubiri. Sasa chkdsk /r husoma diski nzima, kipande kwa kipande. Kwa diski inayokata roho, ni kumpandisha mgonjwa wa pumu ghorofa ya nane kwa ngazi. Ilitakiwa CrystalDiskInfo kwanza, programu ya kupima afya ya diski, mtazame mstari wa 05 (sehemu mbovu zilizokwisha badilishwa) na wa C5 (zinazogoma kusomeka). C5 ikiwa si sufuri, usitengeneze chochote. Nakili. Washa kwa flashi ya Linux, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu: hubeba kwanza sehemu zinazosomeka, mbovu hurudiwa mwisho.

Kibarua wa Likoni
Na faili lilipatikana?

Nahodha wa Tudor
Lilipatikana na pengo. Faili la xlsx ni kifurushi cha zip, 7-Zip yalifungua, na kila karatasi ni faili lake humo ndani. Zilitoka zote isipokuwa Disemba.

Mama Kisauni
Disemba! Mwezi wa kugawana! Mhazini wa hicho chama alichomoa waya mwenyewe, mniulize mimi.

Abu Spana
Mwahangaika bure. Wekeni RAM ya GB 8, hakuna kuganda.

Fundi Waya
Shekhe, RAM haiponyi diski. Kama safu ya kumbukumbu haifiki asilimia 80 ukiwa kazini, hiyo RAM ya kuongeza itakaa pambo tu. SSD ya GB 240 kwanza, diski isiyozunguka.

Abu Spana
Na mashine ikiganda yote, hata Caps Lock kimya? Utaiwekea SSD hapo?

Fundi Waya
Hapo twaelewana. Huku kwetu chumvi ya bahari hula meno ya RAM. Chomoa stima, toa kipande, futa meno kwa kifutio cheupe cha penseli, kirudishe mpaka kilie "ka". Msasa hapana.

Nahodha wa Tudor
Na Bint Makadara tumemsahau. Dada, printa yako ni ya waya au ya wifi?

Bint Makadara
Wifi.

Nahodha wa Tudor
Ndiyo hiyo. Stima ikirudi, ruta huenda ikaipa printa anwani nyingine. Word ikifunguka huiuliza printa kuu vipimo vya karatasi, ikakosa jibu. Iue Word, nenda kwenye orodha ya printa, ondoa tiki ya Windows kujichagulia printa kuu, kisha weka Microsoft Print to PDF. Ikikataa bado, shikilia Ctrl ukibofya alama ya Word, ifunguke bila viongezo.

Bint Makadara
Imefunguka! Sasa nachapisha na nini?

Abu Spana
Kalamu.

Nahodha wa Tudor
Mwache huyo. Futa printa uiongeze upya, na kwenye ruta uifungie anwani moja isihame.

Mama Kisauni
Mimi bado niko na yule mhazini.