Mjadala: Tabibu aanze na mgonjwa au aanze na mifupa?

Mwalimu wa Nachingwea:
Wakuu, hoja ni hii. Mwanafunzi wa utabibu katika vyuo vya Mtwara na Lindi aanze na visa vya wagonjwa tangu mwezi wa kwanza, au amalize kwanza mifupa, misuli na neva? Mimi niko upande wa visa. Chukueni konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu ghafla unaoletwa na sianidi, sumu ya muhogo mchungu; umekwisha kuripotiwa mkoani Mtwara. Kisa cha kutunga: mtoto wa miaka 9, mwaka wa ukame, alikuwa mzima wiki iliyopita, sasa anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Nyumbani ni ugali wa makopa ya muhogo mchungu, yaliyoanikwa bila kulowekwa, na kitoweo hakuna. Ukimgonga chini ya kilegesambwa, kifupa cha mbele ya goti, mguu unaruka kupita kiasi, kulia na kushoto. Hisi ya ngozi iko sawa. Muulize mwanafunzi: hitilafu iko wapi? Ingekuwa polio, mguu ungelegea na refleksi, yaani huo mruko, ingepotea. Mguu unaokakamaa unaelekeza kwenye neva za juu, zinazoshuka kutoka ubongoni. Kisha fiziolojia: mwili hupunguza makali ya sianidi kwa kuigeuza kuwa thiosianeti, ukitumia salfa itokayo kwenye protini. Asiyepata samaki wala kunde hupungukiwa salfa.

Korosho Mbichi:
Mwalimu, hapo umefundisha konzo, hujafundisha uti wa mgongo. Huyo mwanafunzi atakariri "muhogo na miguu, basi konzo". Kesho anakuja mtoto mwenye kifua kikuu cha mgongo, naye kwao wanakula makopa. Huo huja polepole, pingili inauma ukiibonyeza, mkojo unaweza kukataa kutoka. Lakini naye mguu unakakamaa! Asiyejua pingili na uti vimekaaje atamrudisha nyumbani na nasaha za kuloweka muhogo.

Busha ni vilevile. Wanafundishwa kumulika tochi: mwanga ukipita, ni maji. Kwa mtoto mchanga hata ngiri yenye utumbo hupitisha mwanga. Kinachotenganisha ni vidole: je, vinakutana juu ya uvimbe na kuishika kamba ya korodani peke yake? Vikikutana, busha. Visipokutana, uvimbe unashuka kutoka kinenani, mwambie akohoe uone kama unasukuma. Asiyeijua njia ya kinena atachoma sindano kwenye utumbo.

Bi Mikindani:
Kaka Korosho, hiyo tochi yako nayo ni kisa! Umetufundisha kinena bila kufungua atlasi, kitabu cha picha za mwili.

Kinachoharibu ni namna visa vinavyogawiwa. Karatasi moja, kila kitu ndani, na juu imeandikwa "Mgonjwa wa konzo". Sasa kuna la kufikiri hapo? Kata kisa vipande vinne: malalamiko, historia, uchunguzi wa mwili, vipimo. Kila kipande dakika 15. Kabla ya kipande cha tatu kila mmoja achore njia ya neva kutoka ubongoni hadi kwenye msuli, kwa mkono wake, aweke alama anapodhani pameharibika. Asiyeweza kuchora arudi kwenye mifupa yako jioni hiyo hiyo. Na uwape visa viwili vinavyofanana, konzo na kifua kikuu cha mgongo, siku moja. Kimoja peke yake ndicho kinachozaa kukariri.

Mnyambe:
Dada, na siri ya mgonjwa? Kisa cha kutunga sawa, lakini vyuo vingi hutoa wodini. Kufuta jina hakutoshi: kijijini mtoto aliyekakamaa miguu ni mmoja, anajulikana hadi kata ya pili.

Bi Mikindani:
Badilisha umri kidogo, jinsia na kijiji. Msimu na chakula usiviguse, maana ndivyo utambuzi wenyewe. Picha ya miguu tu, na mzazi aridhie kwanza.

Mwalimu wa Nachingwea:
Nakubali vipande vinne. Ila tusisahau chikungunya: ilitambuliwa kwa kuwachunguza wagonjwa wa Newala, mlipuko wa 1952 na 1953, na dunia nzima ikachukua neno la Kimakonde la kujikunja. Jina la mgonjwa halikuhitajika.

Korosho Mbichi:
Sawa, mwalimu. Basi kisa kijacho kiwe matende. Vijidudu vyake huku hujaa kwenye damu ya mwilini usiku, kati ya saa 4 na saa 8. Nani kati yenu atabaki na wanafunzi kuchukua damu hiyo?

Mnyambe:
Mwalimu amenyamaza.