Kuvuka Chalbi kwa gari letu wenyewe

Mkazi wa Kasarani: Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunapanga kuondoka Nairobi mwezi Agosti, tupitie Marsabit, tuvuke Jangwa la Chalbi hadi Loiyangalani, kisha turudi, yote kwa siku 4. Je, inawezekana?

Jibu la kwanza: Siku 4 hazitoshi, ndugu yangu. Lami inawafikisha Marsabit bila taabu, lakini kutoka hapo mtakutana na changarawe, mchanga na mawe makali ya volkeno yanayokata matairi, hivyo tengeni siku 7 na mbebe matairi 2 ya akiba. Jazeni mafuta Marsabit.

Jibu la pili: Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka, na ukoko wake wa chumvi ukinyeshewa hugeuka tope linalomeza magurudumu, kwa hiyo, hata wakati wa kiangazi, waulizeni wenyeji wa Kalacha au North Horr kabla ya kuingia. Mchangani punguzeni upepo wa matairi, na msisahau pampu ya kuyajaza tena (mimi niliwahi kuisahau). Kwenda na gari moja pekee sishauri.

Mkazi wa Kasarani: Nashukuru. Tutaongeza siku 3, na shemeji atakuja na gari la pili.