Mrejesho: bastola ya marehemu babu, Mwanza

Wakuu, niliuliza kuhusu bastola ya silinda iliyokutwa kwenye sanduku la marehemu babu huku Nyamagana. Asanteni. Kwanza imeshakabidhiwa polisi. Silaha ya marehemu hairithiwi kienyeji kama baiskeli, na ukaguzi wote umefanyika hukohuko ikiwa haina risasi.

Ni Webley Mk VI (toleo la sita) ya Uingereza, inayokunjuka katikati. Upande wa kushoto wa fremu kuna maandishi ya Webley na mwaka 1917. Mtutu ni inchi 6 na kitako kina pembe. Mk V kitako chake ni cha mviringo, hapo ndipo wengi hukosea. Alama ya mishale miwili iliyogusana ncha inaonyesha jeshi liliiuza rasmi.

Aliyesema tuangalie mgongo wa silinda, pokea heshima zako. Umechongwa ili iingie risasi ya .45 ACP yenye vipande vya chuma vya kuishikilia, badala ya .455 ya asili. Inaingia vizuri, lakini shinikizo lake ni kubwa kuliko la .455, silinda inaweza kupasuka. Tena uchongaji huo umekula namba ya silinda, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa na ya fremu.

Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916, na bastola ni ya 1917, kwa hiyo ile hadithi ya ukoo kwamba iliokotwa siku hiyo haisimami. Kinachofuatiliwa sasa ni leseni ya zamani ya babu.

Msiisugue kwa msasa wala brashi ya chuma. Alama zikifutika, historia imekwenda.