Kew kwa siku moja: mwalimu mstaafu wa Vihiga anaomba ushauri

Mwalimu Mstaafu (Mbale, Vihiga)

Hamjambo wote. Binti yangu ni muuguzi London, anakaa upande wa Hounslow, na ameniita nikamwone mwishoni mwa Juni. Tikiti ya ndege amelipa yeye, viza imeshatoka. Sasa kila jioni ananitumia orodha ya mahali atakaponipeleka: lile gurudumu kubwa la kando ya mto, jumba la mfalme, maduka ya viatu. Nimemjibu kwamba hayo ayaweke kando. Mimi nataka Kew, ile bustani kubwa ya mimea.

Nimefundisha bayolojia maisha yangu yote ya kazi, na karibu kila kitabu cha mimea nilichoshika kilikuwa na jina la Kew kwenye kurasa za mbele. Wanafunzi nilikuwa nawapeleka msitu wa Kakamega, pale Isecheno, nawasimamisha chini ya mwiritsa na kuwaambia waandike Prunus africana, wapige na mstari chini. Hakukosekana mtoto mtundu wa kuuliza ni nani aliyeubatiza mti wetu bila kutuuliza sisi. Nilikuwa namjibu, "Watu wa Kew, kaa chini." Basi nataka kuwaona hao watu wa Kew wanakaa wapi.

Naomba mnisaidie. Magoti yangu si ya kutegemea. Natembea, lakini lazima nipate mahali pa kukaa. Siku moja inatosha? Kiingilio kinalipiwa mlangoni au kwenye simu? Mto Thames unaonekana kutoka hapo au ni maneno ya matangazo? Na chakula, maana binti anasema chai na keki ya huko ni pensheni ya wiki.

Kondele Damu

Mwalimu, hiyo nauli yote ukaangalie miti? Miti iko hapa bure. Nenda uone uwanja wa mpira upige picha, sisi huku tupate la kusema. Hiyo pesa ya kiingilio ungekula samaki Dunga mpaka uchoke.

Mwalimu Mstaafu (Mbale, Vihiga)

Samaki wa Dunga nimekula kabla mama yako hajaolewa. Nijibu nilichouliza au unipishe.

Nyar Yala (Brentford)

Mirembe Mwalimu. Mimi ni mtu wa Yala, kazi yangu ni kutunza wazee hapa Brentford, ng'ambo ya mto ukitazama Kew. Nikipata siku ya kupumzika navuka daraja. Usimsikilize huyo wa Kondele, na binti yako pia usimsikilize akisema mshukie stesheni ya Kew Gardens. Hiyo ni ya watu wanaotoka katikati ya jiji. Nyinyi mnatoka Hounslow, kwa hivyo pandeni treni inayokwenda Waterloo mshuke Kew Bridge. Ni stesheni chache tu. Kutoka hapo mnavuka daraja kwa miguu, polepole, na mto mnauona kabla hamjalipa chochote.

Simama katikati ya daraja. Ni la mawe, lilifunguliwa mwaka 1903, reli yetu ikiwa imefika Kisumu juzi tu, mwaka 1901. Angalia maji yanaelekea wapi. Sisi wa mto Yala tumezoea maji yanayoshuka ziwani, basi, hayana mjadala. Thames hapa hujaa na kupwa ingawa bahari iko mbali. Asubuhi unaweza kukuta maji yamefika karibu na milango ya nyumba za Strand-on-the-Green, na mchana mashua zimekaa juu ya tope, bata wanatembea kwa miguu. Njia ya wapita miguu ya kando ya mto nayo hufunikwa maji yakijaa sana. Kama mnataka kuipita, binti aangalie saa za maji kujaa kwanza.

Mkimaliza daraja mnatokea Kew Green. Ni uwanja wa nyasi umezungukwa na miti mikubwa na nyumba za matofali za watu wenye nazo. Siku za joto utawakuta wanacheza kriketi. Hapa madawati yapo, kaa. Kanisa lililo pale uwanjani ni St Anne's, limejengwa 1714. Na huyo mtoto wako mtundu, jibu lake limelala hapo nje ya kanisa. Joseph Hooker ndiye aliyeuandika mwiritsa kwa mara ya kwanza, mwaka 1864, akauita Pygeum africanum. Tena matawi aliyoyaangalia hayakutoka Kakamega, yalitoka Kamerun. Jina la Prunus lilikuja 1965, Hooker mwenyewe alishafariki tangu 1911. Amezikwa hapo na baba yake, William, na wote wawili waliwahi kuwa wakurugenzi wa bustani. Kumtembelea Hooker ni bure.

Bustani yenyewe lango lake la Elizabeth liko kwenye kona ya uwanja huo huo. Kiingilio alipe binti mtandaoni mapema, mlangoni ni ghali zaidi. Mtu mzima huwa ni pauni ishirini na kitu majira ya joto. Ndiyo, inauma. Ndiyo maana nasema usiingie na haraka, na usijaribu kuimaliza: ilianza 1759 kama shamba dogo la mama yake mfalme George wa Tatu, leo ni hekta 130 hivi. Mimi nakaa ng'ambo tu na bado kuna pembe sijazifikia.

Kwa magoti yako ningeenda hivi. Anza na jengo linaloitwa Princess of Wales Conservatory, liko karibu na lango hilo. Limejengwa miaka ya 1980, kwa nje halina sura, wageni wengi wanalipita wakikimbilia majumba ya zamani. Kosa kubwa. Ndani kuna aina kumi za tabianchi zimetenganishwa kwa milango: unatoka jangwani kwenye mishubiri na dungusi, unafungua mlango, unaingia kwenye okidi na joto la Port Victoria mwezi wa pili. Mwalimu wa bayolojia utakaa humo mpaka watu wakusahau.

Halafu Palm House, lile jumba la chuma na vioo unaloliona kwenye picha zote, limemalizika kujengwa 1848. Miwani yako itaingia ukungu mlangoni, usiogope, simama kidogo. Humo kuna migomba, kahawa, kakao, mpira, michikichi, yaani vitu ambavyo sisi tunaviona shambani, wao wamevijengea nyumba na kuviwekea hita. Mimi nilicheka kwanza. Baadaye nikaacha kucheka, maana hiyo mimea haikuletwa kwa ajili ya kupendeza. Mwaka 1876 mbegu elfu sabini hivi za mpira zilitolewa Brazil zikaletwa Kew, zikaota chini ya elfu tatu, miche ikapelekwa Ceylon na Malaya, na biashara ya mpira ya Brazil ikaja kuzama. Bustani ilikuwa ofisi, Mwalimu. Roses na bata ni vya juu tu. Tafuta pia saikadi, mmea wa kale wenye sura ya mchikichi, iliyotoka Afrika Kusini mwaka 1775 na bado imo kwenye chungu. Miaka mia mbili na nusu kwenye chungu! Kuna mpango wa kuifunga Palm House kwa ukarabati mkubwa, kwa hivyo binti aangalie tovuti yao kabla ya kulipa, msije mkafika ikawa imezungushiwa mabati.

Nje kuna bwawa na madawati mengi. Kula hapo. Chapati zenu, mayai ya kuchemsha, flaski ya chai. Kuingia na chakula chako wanaruhusu na wenyeji wenyewe wanafanya hivyo. Mkahawa wa ndani acha wapite watalii. Ndege za Heathrow zitakupitia juu ya kichwa, na ni kelele hasa, hilo matangazo hayasemi.

Ukibaki na nguvu, malizia na Temperate House, jumba lingine la vioo. Ilifungwa miaka mitano ikitengenezwa, wakafungua 2018. Humo kuna saikadi nyingine, Encephalartos woodii, dume tupu. Mti mmoja ulionekana msituni kule KwaZulu-Natal mwaka 1895, na jike hajapatikana mpaka leo. Wanazidisha kwa machipukizi. Ule mnara wa Pagoda utazame kwa mbali, ina ngazi 253, na ile njia ya kutembea juu ya vilele vya miti, mita 18 kutoka chini, mwachie binti apige picha.

Mpekuzi wa Mafaili (Kakamega)

Nyar Yala amesema yote ya bustani, lakini Mwalimu, Kew kuna kitu kingine ambacho mtu wa Western hapaswi kukipita: hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza. Iko upande wa pili wa reli, dakika kama kumi kwa miguu kutoka stesheni ya Kew Gardens, karibu na mto. Kuingia hakulipiwi. Mbele kuna madimbwi yenye ndege, ndani kuna ofisi nzima ya makoloni kwenye maboksi.

Barua za Kenya ziko kwenye mfululizo unaoitwa CO 533. Humo utamkuta gavana akiandikiana na London kuhusu dhahabu ya Kakamega, ile iliyowaleta wazungu kwa fujo kuanzia 1931, na jinsi sheria ya ardhi ya wenyeji ilivyobadilishwa Desemba 1932 ili machimbo yapite kwenye mashamba ya watu. Babu yangu alifanya kazi kwenye mgodi wa Rosterman, alikuwa akisimulia hayo kama hadithi za jioni. Mimi nilisoma upande wa pili wa hadithi nikiwa na penseli mkononi, nikahitaji kutoka nje nipumue. Watu hao waliandika vizuri sana, kwa adabu, kuhusu kuchukua ardhi.

Kwa kawaida wanafungua Jumanne hadi Jumamosi. Ukitaka kushika karatasi zenyewe unahitaji kadi ya msomaji: unaanza kujiandikisha mtandaoni, ukifika unaonyesha paspoti na hati nyingine yenye anwani ya nyumbani. Sisi wa sanduku la posta hapo ndipo tunapokwama, kwa hivyo waandikie kabla ya kusafiri uulize watakubali nini. Faili unaagiza mapema ili ukifika ukute zimeshatolewa. Kalamu ya wino hairuhusiwi, chakula hakiruhusiwi, lakini kupiga picha kwa simu yako ni sawa na hulipi.

Usichanganye siku moja na bustani. Utaziharibu zote mbili.

Kondele Damu

Sasa hiyo ya dhahabu ndiyo safari. Mwalimu, piga picha hizo karatasi uziweke hapa.

Mwalimu Mstaafu (Mbale, Vihiga)

Nyar Yala, Mungu akuzidishie. Nilikuwa nadhani Hooker yuko kwenye vitabu tu. Nimeshamwambia binti: Kew Bridge, si Kew Gardens, na achemshe mayai. Mpekuzi, nawe asante, baba yangu pia alikuwa na maneno yake kuhusu Rosterman, nitawaandikia hao watu wa nyaraka wiki hii.

Maswali mawili ya mwisho. Zile sampuli zilizokaushwa za mimea ya kwetu, zinaonyeshwa? Na nilitaka kumbebea binti mukombero, ile mizizi ya kutafuna, na mbegu za mboga zetu, mrenda na mito, apande kwenye vyungu. Kuna shida?

Nyar Yala (Brentford)

Sampuli wanazo mamilioni, kama saba, lakini ziko kwenye makabati ya watafiti, mgeni wa kawaida haingii hivi hivi bila miadi. Kitabu cha mimea yote ya Afrika Mashariki kilimalizwa kutokana na sampuli za aina hiyo mwaka 2012, na aina zilizomo zinapita 12,000. Kama unataka jaribu, waandikie mapema, sema wewe ni mwalimu na utaje Kakamega. Watu wa mimea wana udhaifu kwa watu wa mimea.

Mukombero usilete, Mwalimu. Mizizi, mboga mbichi na mbegu za kupanda haviingii bila cheti cha afya ya mimea, na cheti hicho kwenu hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Bila hicho vitaishia kwenye pipa la Heathrow ukiangalia. Mrenda mkavu wa kupika nao ulizia kwanza, usinitegemee mimi. Mbegu za mchicha na kunde binti anaweza kununua huku huku, kwenye maduka ya Wahindi.

Viatu vya mpira laini, si vile vya kanisani, hata kama ni Jumapili. Na koti jepesi la mvua, Juni au si Juni.

Mwalimu Mstaafu (Mbale, Vihiga)

Mukombero nimetoa kwenye begi. Binti amelipa tiketi za Alhamisi na amebadilisha zamu. Ijumaa ni nyaraka, Jumamosi nalala.